Kutoka Makongeni Hadi Jumba la Taifa: Kiti Ni cha Nani?

Mcheza kwao hutunzwa. Ndivyo walivyotuachia wazee wetu, na sisi watu wa pwani twalitaja neno hili harusini na penye goma mpaka limekuwa kama salamu. Lakini ni wachache wanaosita kidogo wakajiuliza: je, mchezaji asiyejua kwao ni wapi, atatunzwa na nani? Na je, ikiwa amejengewa jumba zuri la kuchezea, lenye jukwaa na taa na viti vilivyopangwa safu kwa safu, lakini jamaa zake hawawezi kulifikia, hapo patakuwa ni kwao au ni ugenini?

Suala hili si la kubuni. Linahusu jumba moja mashuhuri mjini Nairobi, Kenya National Theatre, yaani jumba la taifa la michezo ya kuigiza, ambalo halikai mbali na Mto Nairobi. Linahusu pia mtaa mmoja wa mashariki ya mji huo uitwao Makongeni. Baina ya mahali pawili hapo ni kilomita chache tu, safari ambayo matatu huimaliza upesi asubuhi ambayo njia haikuziba. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba wako watu waliozaliwa Makongeni, wakakua, wakaoa na kupata wajukuu, na ambao hawajapata kukanyaga ndani ya jumba hilo hata siku moja.

JINA LA KWETU, MTAA WA RELI

Msomaji wa pwani asidhani kuwa mambo haya ya Nairobi hayamhusu. Makongeni ni jina la Kiswahili safi, maana yake mahali penye makonge, na hata huku kwetu Kwale iko Makongeni. Ukitoka Makongeni ya Nairobi wapakana na Kaloleni, jina ambalo Kilifi nako liko. Karibu hapo ni mtaa wa Mbotela, uliopewa jina la Tom Mbotela, mtu wa ukoo wa Freretown, Mombasa, aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba, 1952. Basi ukisoma majina ya mitaa kando ya Jogoo Road, ni kama unasoma barua iliyoandikwa pwani.

Sababu yake si ya kutafuta mbali. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwezi wa Mei, 1899, na mji wenyewe ukazaliwa na reli hiyo. Pamoja na mataruma na vyuma, lugha yetu nayo ilipanda bara. Makongeni ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli. Humo waliishi Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu na watu wa pwani, mlango kwa mlango, na kilichowawezesha kukopeshana chumvi na kuamkiana asubuhi kilikuwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Mvita, la. Watoto wa mitaa hiyo wamekipinda na kukipindua mpaka kimezaa Sheng, na mzee wa Mombasa akikisikia hutikisa kichwa. Lakini mtoto wa kitanda kimoja hakataliwi kwa sababu amefuga nywele.

Mimi nilikwenda Makongeni mwaka 2023. Dada yangu, mjane wa mtu wa reli, alikuwa akiishi huko wakati huo, na kwake alikaa binti wa kaka yetu mkubwa, aliyepanda Nairobi kwa masomo. Binti huyo alikuwa amejiunga na kikundi cha vijana wanaoigiza. Habari hiyo ilipofika Mombasa, kaka yetu, ambaye ni mwalimu wa chuo na amesomesha Kurani miaka mingi, hakupiga kelele wala hakugomba. Aliniita barazani kwake akaniambia:

"Wewe ndiwe mtu wa mashairi na magazeti. Nenda kaone jumba hilo kwa macho yako, uje uniambie mambo mawili tu. Wacheza nini humo, na watoka saa ngapi?"

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu kadha juu ya sanaa ya kuigiza, na nimesikiliza mijadala ya mabingwa. Sijapata kusikia maswali mawili yaliyonigusa kama hayo. Yamebeba mambo yote. Wacheza nini: hapo mna lugha, mna adabu, mna maana ya mchezo na yule unayemkusudia. Watoka saa ngapi: hapo mna nauli, mna usalama wa njiani, mna sala ya Magharibi, mna mama anayengoja mlangoni. Jumba lolote lisiloweza kuyajibu maswali hayo, hata likijengwa kwa marumaru, halijawa jumba la watu.

NJIA YA ASUBUHI

Siku hiyo tuliondoka Makongeni baada ya sala ya Alfajiri. Dada alitupa chai ya maziwa na mahamri, nasi tukatoka kuingia Jogoo Road, ambako matatu zilikuwa zikiita abiria kwa makelele na honi. Tulipita uwanja wa mpira, tukapita Muthurwa, ambayo nayo ilikuwa makao ya watu wa reli, tukashuka mjini. Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu kupitia Moi Avenue, tukalikabili lango la Chuo Kikuu, kisha tukashika Harry Thuku Road.

Njia hii ni fupi, lakini ina historia nzito. Upande mmoja ipo Norfolk, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1904 kwa ajili ya masetla na wawindaji. Tarehe 16 Machi, 1922, watu walikusanyika karibu na hapo kudai Harry Thuku atolewe kizuizini. Miongoni mwao alikuwa mwanamke shujaa, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatolea wanaume maneno makali kwa kusitasita kwao. Askari walifyatua risasi, na watu wengi wakaanguka, yeye akiwa mmoja wao. Leo njia yenyewe yaitwa kwa jina la Harry Thuku, na mbele ya Norfolk ndipo lilipo jumba la taifa.

Kando ya njia hiyo hiyo iko nyumba ya utangazaji, zamani Sauti ya Kenya na sasa KBC. Naitaja makusudi. Vichekesho vya "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani" vilirushwa na shirika hilo, kwa Kiswahili, navyo vikaingia katika nyumba za Makongeni, Kaloleni na Kisauni bila ya kubisha hodi. Watu walikusanyika nyumba ya jirani mwenye televisheni, wengine dirishani, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mtu wa mtaani hapendi mchezo wa kuigiza. Mchezo ulipomfuata kwake na kusema naye kwa lugha yake, aliupokea kwa mikono miwili.

JUMBA NA HISTORIA YAKE

Jumba lenyewe si la kutisha kwa ukubwa. Ni jengo la kimo cha kadiri, sehemu ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1951. Lilifunguliwa tarehe 6 Novemba, 1952, na mgeni aliyehudhuria ufunguzi alikuwa mwigizaji mkubwa wa Kiingereza, Sir Ralph Richardson. Msomaji aitazame sana tarehe hiyo. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba, siku 17 tu zilizotangulia. Wakati taa za jukwaa zinawashwa upande huu wa mji, upande wa Makongeni na Kaloleni watu walikuwa wakisimamishwa njiani kuulizwa kipande. Jumba liliitwa la taifa, lakini taifa lenyewe lilikuwa bado liko nje.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, ila desturi za jumba hazikubadilika upesi kama bendera. Mwezi wa Oktoba, 1976, Wakenya walitaka kuonyesha humo michezo miwili iliyokuwa ikienda kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, Lagos, mwaka 1977. Mmoja ni "Betrayal in the City" wa Francis Imbuga, na wa pili ni ule wa kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, ambao baadaye ulitolewa kwa Kiswahili kwa jina la "Mzalendo Kimathi". Walipata siku chache tu, zilizobanwa baina ya michezo ya kigeni, na mwandishi Ngugi ameieleza kadhia hiyo kwa urefu katika maandishi yake. Lakini siku hizo chache zilitosha. Watu walijaa, na mchezo wa Kimathi ulipomalizika watazamaji walijiunga na waigizaji, wakaimba na kucheza mpaka nje.

Mwaka 1982 mambo yaligeuka tena. Wanakijiji wa Kamirithu, karibu na Limuru, walitayarisha mchezo wa nyimbo uitwao "Maitu Njugira", wakakusudia kuuonyesha katika jumba hilo mwezi wa Februari. Walipofika waliikuta milango imefungwa. Mwezi uliofuata uwanja wao wenyewe wa maonyesho, waliojijengea kwa mikono yao kule kijijini, ulibomolewa. Na mwaka uo huo ndugu yetu wa Mombasa, Alamin Mazrui, mtungaji wa mchezo wa Kiswahili "Kilio cha Haki", alikamatwa akatiwa kizuizini. Kwa hiyo watu wa pwani nao wameshalipa kodi ya jukwaa hili, na haifai wajione wapita njia.

Leo milango haikufungwa namna hiyo. Jumba lilifanyiwa matengenezo makubwa, likafunguliwa upya mwezi wa Septemba, 2015. Nilipoingia niliona viti vizuri, taa za kisasa, na jukwaa safi. Haya ni mambo ya kushukuru, na mwenye kusifika asifiwe.

WACHEZA NINI?

Asubuhi hiyo jumba halikuwa na wazee wala waheshimiwa. Lilijaa wanafunzi. Walikuja kwa mabasi ya shule, sare zao za rangi kumi na moja, na kelele zao zilikuwa kama za ndege wakati wa machweo. Mchezo ulikuwa "Bembea ya Maisha" wa Timothy Arege, kitabu kilichokuwa kikitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya wakati huo, kilichoshika nafasi ya "Kigogo" cha Pauline Kea. Ni habari ya mama mgonjwa wa kijijini, mumewe aliyeelemewa na pombe na masimango, na binti yao aliyeolewa mjini ambaye anataka kumuuguza mamake.

Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kwa kuwa mtu mzima katikati ya watoto huonekana kama mnazi katika shamba la mchicha. Taa zilipozimwa wanafunzi walipiga mayowe. Mwanzoni walicheka hata pasipochekesha. Lakini binti wa kaka yangu alipotoka, amejifunga leso na kujitanda ushungi, akaanza kusema pole pole na mgonjwa aliye kitandani, kelele zilipungua, kisha zikanyamaza kabisa. Kijana mmoja mbele yangu, aliyekuwa akichezea simu, aliiweka mfukoni. Msichana wa kando yake akajifuta macho kwa ncha ya tai ya shule.

Mimi ni mtu niliyelelewa kwa utenzi. Nimekaa usiku kucha nikisikiliza wazee wakisoma kwa sauti, na nawajua watu wanavyonyamaza neno linapowaingia. Kimya kile cha Nairobi kilikuwa kimya kile kile. Nami nikapata jibu la swali la kwanza la kaka yangu: wacheza kwa Kiswahili fasaha, wacheza habari ya mzazi na mwana, na hapana mtu aliyevuliwa adabu yake.

Baada ya mchezo, na baada ya sala ya Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, tulikaa na binti huyo penye mkahawa nikamwuliza.

"Ami," akaniambia, "sisi watu wa Kiswahili twacheza asubuhi, wanafunzi wakija kwa ajili ya mtihani. Mwaka kitabu kikibadilishwa, na sisi hubadilisha. Tukisema tucheze kitu chetu jioni, twajiuliza nani atakuja."

"Watu wa Makongeni hawawezi kuja?"

"Waje na nini, ami? Ahesabu tiketi, ahesabu nauli ya kuja na kurudi, na ikiwa ana mke na watoto wawili, hiyo ni posho ya siku ngapi? Kisha mchezo uishe saa tatu usiku, apite Muthurwa gizani?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa maana alikuwa amelijibu hasa lile swali la pili la babake.

MTO UNAOSHUKA KWETU

Nilipoachana naye nilitaka kuuona mto. Kutoka jumbani mpaka ukingoni ni mwendo mdogo kwa miguu, ukiteremka kwa Kijabe Street mpaka bustani iliyopewa jina la John Michuki, waziri aliyesimamia kusafishwa kwa sehemu hiyo mwaka 2008. Alipofariki mwaka 2012 bustani ilisahauliwa, ikafufuliwa tena mwaka 2020. Miti ni mizuri, na vijana walikuwa wamekaa chini ya vivuli wakizungumza. Lakini maji yenyewe siku ile yalikuwa na rangi ya masizi, na harufu yake ilinifanya niweke kitambaa puani.

Wamasai waliupa mto huu jina la maji baridi, na mji wote ukachukua jina la mto. Unapita chini ya jumba la taifa, wateremka Gikomba na Pumwani, mtaa wa Waislamu wa zamani wa Nairobi, wapita Dandora, kisha waingia Mto Athi. Athi nao hubadilika jina, huitwa Galana, na mwisho wake ni Sabaki, ambao humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Tafakari, msomaji. Reli ilipanda kutoka kwetu na lugha yetu, na mto unashuka kutoka kwao na taka zao. Maji yanayopita karibu na jukwaa lile hufika mwisho katika bahari tunayovulia samaki. Basi nani atatuambia kuwa yanayofanyika ukingoni mwa mto huo hayatuhusu?

Nikiwa nimesimama pale nilikumbuka jumba jingine la ukingoni, lililo London kando ya Mto Thames, ambalo nilipelekwa kuliona mwaka 2019 na kijana wa Lamu anayeishi huko. Nalo ni jumba la taifa la michezo ya kuigiza, lililosanifiwa na Denys Lasdun. Malkia Elizabeth alilifungua rasmi tarehe 25 Oktoba, 1976, mwezi ule ule ambao Wakenya walikuwa wakigombania siku chache katika jumba lao. Kwa nje ni saruji tupu, na Mfalme Charles, zamani hizo akiwa bado mwana wa Malkia, alilikebehi mwaka 1988 kwa kulifananisha na mtambo wa nyuklia. Ndani mna kumbi tatu. Na yule Sir Ralph Richardson aliyekuja Nairobi mwaka 1952 aliigiza humo pia, hata ikawepo desturi ya kurusha fataki kutoka juu ya paa usiku wa kwanza wa mchezo mpya, na fataki hiyo ikaitwa kwa jina lake.

Lililonivutia mimi si fataki wala saruji. Jumba lile limeuelekezea mto uso wake. Lina mabaraza mapana yanayoutazama, na sebule zake zi wazi mchana kutwa. Nilikaa humo saa nzima pamoja na wanafunzi wenye vitabu na wazee wenye vikombe vya chai, na hapana aliyeniuliza tiketi. Baraza, ndugu msomaji! Jambo ambalo sisi watu wa Lamu na Mombasa tulilijua zamani, kwamba nyumba isiyo na baraza haina wageni, Waingereza wamelijengea ghorofa.

Na ukiufuata mto huo huo kwa miguu, hauchukui muda kufika Globe, jumba la mviringo lililojengwa upya kwa mfano wa lile la zama za Shakespeare. Hapo, mwezi wa Aprili, 2012, katika tamasha lililoleta michezo yake kwa lugha nyingi za dunia, waigizaji wa Kenya walionyesha "Wanawake wa Heri wa Winsa", kwa Kiswahili kitupu, na Waingereza wakacheka pamoja nao. Katika ua wa jumba hilo husimama watu wapatao 700, na mwaka huo bei ya kusimama ilikuwa pauni 5 tu. Yaani tajiri ana kiti chake ghorofani, na mchukuzi ana mahali pake pa kusimama chini, karibu na jukwaa kuliko tajiri. Kiswahili kimesikika ukingoni mwa Thames na kikapata watu wa bei zote. Ukingoni mwa Mto Nairobi je?

YANAYOWEZEKANA

Wengine watasema: mambo haya yataka mapesa mengi. Sioni hivyo. Kaloleni, hatua chache kutoka Makongeni, upo ukumbi wa mtaa ambao zamani za ukoloni Waafrika walikutania humo kwa siasa hata wakaupa jina la Bunge. Makadara nako kuna ukumbi. Kikundi kinachoweza kucheza Harry Thuku Road asubuhi, kinaweza kucheza Kaloleni Jumamosi saa nane mchana, kikamaliza kabla ya jua kutua. Nauli itakuwa ni miguu ya mtu. Na penye jumba la taifa lenyewe, si vigumu kutenga safu chache za nyuma kwa bei ya mtu wa jasho, na kuutoa mchezo wa Kiswahili katika saa za wanafunzi ukapewa saa za watu wazima.

Nasi wa pwani tuna sehemu yetu. Tumezoea kusema kwamba kuigiza ni mambo ya Wazungu na ya shule. Je, ngano za bibi usiku, akibadilisha sauti mara sungura mara fisi, zilikuwa nini? Kirumbizi cha Lamu, watu wakipigana fimbo kwa adabu na mpango, ni nini? Vugo la wanawake je? Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya Tanzania, aliandika "Kinjeketile" mwaka 1969, mchezo juu ya maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi, na mpaka leo ni miongoni mwa michezo inayoheshimika zaidi katika lugha yetu. Chombo ni chombo. Yafaa kuuliza kimepakia nini, si kukizamisha kwa kuwa kina tanga.

Nilimpigia kaka simu usiku ule ule kutoka Makongeni. Nikamwambia: wacheza habari ya mama mgonjwa na mwanawe, wacheza kwa Kiswahili kisicho na kasoro, na watoka kabla ya Adhuhuri. Alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya. Akija Idi, na aje na kitabu chenyewe nikisome." Sikumwambia neno jingine, maana mzazi akitaka kusoma kitabu anachochezea mwanawe, mlango mmoja umekwisha kufunguliwa.

Tangu hapo mengi yamepita. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwatoa watu wengi majumbani kandokando ya mito ya Nairobi. Ngugi wa Thiong'o alifariki mwezi wa Mei, 2025. Na mwaka uo huo wapangaji wa Makongeni walitakiwa kuhama kupisha ujenzi wa nyumba mpya. Dada yangu alikuwa amekwisha kurudi Mombasa kabla ya hapo. Mtaa wa reli niliolala mimi, wenye milango iliyokabiliana na kamba za nguo, umekuwa wa kusimuliwa.

Kwa hiyo nawasemesha wapimaji na wajenzi, maadamu wameshika ramani mkononi: mkipiga mistari ya ghorofa na maegesho ya magari, pigeni na mstari mmoja wa ukumbi. Usiwe mkubwa. Uwe na jukwaa, baraza, na mlango mpana, ili mtoto wa Makongeni asihitaji matatu mbili na ujasiri wa usiku ili amwone mwenziwe akicheza. Na wenye jumba la taifa wasingoje watu wawafuate, nao watoke.

Nawaachia wasomaji beti moja, niliyoitunga njiani nikirudi pwani kwa gari moshi:

Mto wapita mjini, na jumba lipo jirani,
Na mtu wa Makongeni, asimame mlangoni?
Kiti chake kiko ndani, yeye angali njiani,
Mcheza kwao hutunzwa, kwao ni wapi, semani?